Mapora Peke Yao au Mchanganyiko?

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi. Siku hizi maskini huyo hujaribu pia kuku wa nyama: hununua vifaranga 50, akavilea uani kwa muda wa wiki sita, mara nyingi kwa fedha alizojinyima. Wapo wanaomshauri anunue vifaranga vya kiume peke yake, hata kwa bei ya juu, kwa kuwa dume hukua upesi kuliko jike. Hoja hiyo ni sahihi kisayansi, lakini ushauri unaojengwa juu yake haumfai kila mfugaji.

Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku mambo ni kinyume: jogoo ana kromosomu mbili za Z, na tetea ana Z moja na W moja; hivyo yai ndilo linaloamua. Jeni ya kuchelewesha manyoya imo katika kromosomu Z. Jogoo wa ukoo uotao manyoya upesi akipandishwa kwa tetea wa ukoo uchelewao, watoto wa kiume huchelewa kama mama, na wa kike huwahi kama baba. Vifaranga vya namna hiyo hutenganishwa siku ya kwanza kwa kutazama mabawa tu. Kwa koo nyingine ishara hiyo haipo, na mnunuzi hana njia rahisi ya kuhakikisha anachouziwa. Tena, neno “dume” laweza kuficha dume la kuku wa mayai, ambaye hukua polepole mno na kumaliza chakula bila faida.

Hata mapora yakiwa ya kweli, hesabu haina budi kufanywa. Ichukuliwe kwamba pora amefikia kilo 2.2 na tetea kilo 1.9, na kwamba kila kilo ya uzito huhitaji kilo 1.7 za chakula. Zile gramu 300 za ziada zimegharimu takriban nusu kilo ya chakula. Pale kuku wanapouzwa kwa kilo, mfugaji hulipwa. Lakini katika masoko yetu mengi kuku huuzwa kwa kichwa. Uzito huo wa ziada huwa zawadi kwa mnunuzi.

Isitoshe, mapora wanaokua kwa kasi ndio hasa wanaopatwa na maradhi ya miguu na ya moyo, na mwili mkubwa hustahimili joto kwa shida.

Yafaa pia kutazama jinsi mfugaji mdogo anavyouza. Hana mnunuzi wa kuku 50 kwa siku moja. Huuza watano leo, wanane kesho. Kundi lenye jinsia zote mbili lafuata mwendo huo: mapora hutangulia kufikia uzito wa kuuzwa, na wakiondoka, matetea hupata nafasi na hewa ya kumalizia kukua. Tofauti inayoonekana kama kasoro huwa msaada. La lazima ni vyombo vya chakula na maji viwe vya kutosha, ili wakubwa wasiwasukume wadogo.

Mwenye mkataba wa kuuza kwa kilo, banda kubwa na kituo cha vifaranga kinachoaminika, ana haki ya kuchagua mapora. Kwa wengine wote, mchanganyiko ndio uamuzi wa busara.

Shule zenye banda la kuku zaweza kulithibitisha jambo hili zenyewe. Wanafunzi wawatie kuku alama miguuni, wawapime kila wiki, waandike chakula kilicholiwa na bei iliyopatikana, kisha walinganishe. Daftari la namna hiyo litamfaa mzazi kijijini kuliko ushauri wowote usiopimwa kwa mizani.