Kodi na Malezi ya Watoto Wachanga



Mama aendapo kazini, ni nani atakayemtunza mtoto wake mchanga? Zamani nyanya au shangazi alikuwa karibu, naye alimpokea mtoto pasipo malipo. Katika miji mikubwa nyanya yu mbali, na mlezi hutaka ujira wake. Leo tutazame jinsi serikali ya Marekani inavyojaribu kuwasaidia wazazi kwa njia ya kodi.

Mwaka 2001 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwahimiza mabwana wa kazi. Bwana aliyejenga nyumba ya kulelea watoto wa wafanyakazi wake, au aliyewalipia nafasi katika nyumba ya namna hiyo, alisamehewa katika kodi yake robo ya gharama, yaani 25 kwa mia. Msamaha huo haukuweza kupita dola 150,000 kwa mwaka. Tena sheria iliweka ulinzi: nyumba iliyojengwa ikifungwa kabla ya miaka 10 kutimia, sehemu ya msamaha hurudishwa serikalini. Wala haikuruhusiwa kuwapendelea wakubwa na kuwaacha wafanyakazi wadogo.

Nia ilikuwa njema, lakini walioitumia sheria hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 2022 wakaguzi wa hesabu wa Kongresi walikadiria kwamba makampuni yaliyodai msamaha huo mwaka 2016 hayakufika 300 katika nchi nzima. Sababu ni nini? Wengi hawakuijua sheria. Tena gharama ya kuanza ni kubwa, na bwana aliyesamehewa robo moja bado alibeba robo tatu. Na yule asiyedaiwa kodi ya mapato, kama vile parokia yenye nyumba ya watoto, hana cha kusamehewa.

Ndipo sheria ikarekebishwa mwaka 2025. Tangu mwanzo wa 2026 msamaha ni 40 kwa mia, hadi dola 500,000 kwa mwaka. Kwa makampuni madogo ni 50 kwa mia, hadi dola 600,000, nayo yameruhusiwa kuungana na kuwa na nyumba moja ya watoto. Hilo ni jambo la busara, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, mambo mawili yatutie wasiwasi. Kwanza, msamaha unampita mlezi na kumfikia bwana. Walezi wa watoto huko Marekani ni miongoni mwa watu wanaolipwa mshahara mdogo kabisa, na pasipo walezi, kuta tupu hazilei mtoto. Pili, nafasi ikitegemea kazi ya mama, siku mama aachishwapo kazi mtoto naye aweza kutolewa.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni ule unaotosha kuitunza jamaa, na kwamba kazi ipangwe hata mama asipate hasara kwa sababu ya kulea.

Nanyi wanafunzi, huenda siku moja mtakuwa mabwana wa kazi au watunga sheria. Msiridhike kuuliza kiasi cha kodi kilichosamehewa. Ulizeni pia kama mtoto wa mfagizi amepata nafasi sawa na mtoto wa mkurugenzi, na kama mlezi wake amelipwa kwa haki.