Kufungua barua pepe si kuisoma: tuache kuchunguzana kwa siri

Hapa kwetu ukipeleka barua ofisini, unabeba na nakala. Mtu wa mapokezi anaigonga muhuri, anaandika tarehe na kutia sahihi, nawe unarudi nayo. Huo ni ushahidi, na aliyegonga muhuri anajua kwamba ameutoa.

Siku hizi barua nyingi zinapita kwa intaneti. Kuna mashirika na wafanyabiashara wanaotumia programu za kuwaambia kama umefungua barua pepe yao, saa ngapi na mara ngapi. Safari hii wewe uliyepokea hujui kitu. Maoni yangu ni kwamba desturi hiyo haifai: inadanganya anayeitumia, na inamwonea anayeandikiwa.

Inafanyaje kazi? Ndani ya barua wanaficha picha ndogo sana, isiyoonekana kwa macho. Ukifungua barua, simu yako inaenda kuitafuta picha hiyo kwenye kompyuta ya aliyetuma. Hapo inaandikwa saa uliyofungua, aina ya simu, na mara nyingine namba ya intaneti inayoonyesha uko upande gani.

Lakini habari hiyo si ya kutegemea. Wengi wetu tunanunua mega kidogo kidogo, na tunazuia picha zisijifungue. Tunasoma barua yote, na kwa mtumaji inaonekana haikusomwa. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2021, Apple wanaweza kuzipakua picha hizo hata kabla mtu hajagusa barua, basi barua ambayo haijafunguliwa inahesabiwa kuwa imesomwa. Gmail nao tangu 2013 wanapitisha picha kwenye kompyuta zao wenyewe, na mahali alipo msomaji panafichika. Tena, barua ya mkurugenzi mara nyingi inafunguliwa na sekretari wake. Sasa ni haki gani kumnyima mtu kazi au msaada kwa kusema "tuliona ulisoma ukanyamaza"?

Upande wa sheria, Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi na siri ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, nayo inalinda habari za binafsi. Huko Ulaya, kamati ya walinzi wa habari za binafsi ilipinga waziwazi ufuatiliaji huu tangu mwaka 2006, ikisema lazima anayeandikiwa akubali kwanza. Na sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika mwezi wa 5, 2018 inalifunga shirika lenye makao yake kule hata linapomwandikia mkaaji wa Bunia au Uvira. Wanaoleta miradi kwetu wasijifanye hawaijui.

Kwa sisi waandishi wa habari, jambo hili linaweza kuwa la hatari. Mwaka 2006 huko Marekani, wapelelezi waliokodiwa na kampuni ya Hewlett-Packard walimtumia mwandishi wa habari barua pepe yenye mtego. Walitumaini ataipeleka kwa mtu aliyekuwa akimpa siri za kampuni, na hivyo wamjue. Mambo yalipofichuka, mwenyekiti wa kampuni, Patricia Dunn, alijiuzulu. Kule mtoa habari anaweza kupoteza kazi. Huku mashariki mwa Kongo anaweza kupoteza uhai, maana kujua tu kwamba barua imefunguliwa Beni wala si Kinshasa kunatosha kumtafuta mtu.

Basi tufanye nini? Ingia kwenye mipangilio ya barua pepe yako, uzuie picha zisijifungue zenyewe. Ukipokea barua usiyoiamini, usiipeleke kwa aliyekupa habari. Nakili maneno yake tu. Nanyi mnaotuma, kama mnataka kujua barua imefika, andikeni mwishoni: "Tafadhali tujibu kwamba umeipata." Asipojibu, mpigieni simu. Huo ndio muhuri wa kweli, kwa sababu anayeutoa anajua anautoa.

Wabunge na wanaosimamia sheria ya 2023 nao waseme wazi kama picha hizi za siri zinaruhusiwa, na kwa masharti gani. Mkaaji hawezi kudai haki juu ya kitu ambacho hata hajui kimewekwa ndani ya simu yake.