Setilaiti ya DStv Iko Juu ya Mogotio na Hatuitozi Kitu. 1976 Kenya Ilijaribu

Siku ukipanda juu ya ploti kuanika nguo, cheki dishi ya DStv ya jirani. Imelala, ni kama inahesabu mawingu. Sasa kumbuka zile dishi za London huwa unaona kwa muvi: zimesimama kwa ukuta, zinaangalia kando. Hiyo tofauti iko na stori, na stori yenyewe ni ya doh.

Setilaiti zinazoleta DStv huku ni za Eutelsat, kampuni ya Ufaransa. Zimekaa digrii 36 Mashariki, juu ya ikweta. Toa ramani uangalie: hapo ni karibu kabisa na Mogotio, kule Baringo watu husimama kupigwa picha kwa alama ya ikweta. Panda juu kilomita 35,786 hivi, na ndio hapo gemu yako ya wikendi inatokea.

Mbona haihami? Inahama, tena mbio. Lakini kwa huo urefu inazunguka dunia mara moja kwa muda ule ule dunia inajizungusha, kwa hivyo kwetu inaonekana imetulia. Fundi anafunga dishi mara moja anaenda zake. Na hiyo maneno inawezekana juu ya ikweta pekee. Ni barabara moja tu, na huwezi paki setilaiti ovyo ovyo, maana zikikaribiana sana mawimbi yanagongana.

Wazee wetu walishtuka mapema. Desemba 1976 Kenya ilikuwa Bogotá, Colombia, pamoja na nchi zingine za ikweta kama Uganda, Zaire, Ecuador na Indonesia. Wakatoa Azimio (tulia, si ile ya siasa) wakisema kipande cha barabara kilicho juu ya nchi yako ni chako. Mtu akitaka kupaki, aombe ruhusa kwanza.

Hawakusikizwa. Mkataba wa 1967 ulikuwa ushasema hakuna nchi inaweza kujimilikisha anga za juu.

Lakini usiwacheke. Walichoogopa kilikuwa cha ukweli: nafasi zilikuwa zinachukuliwa na anayefika kwanza, na wenye roketi ndio walikuwa wanafika. Nchi maskini zilipiga kelele miaka mingi, na kufikia 1988 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, likawa na mpango wa kuwekea kila nchi angalau nafasi moja. Hata sisi tuko ndani.

Ngori ni moja: nafasi bila setilaiti ni ploti bila nyumba. Cheki Nigeria. Ikweta haipiti kwao hata kidogo. Setilaiti yao ya kwanza ya 2007 iliharibika mwaka uliofuata, wakarudi tena 2011 na NigComSat-1R, iliyorushwa na Wachina. Imepaki digrii 42.5 Mashariki, nje kidogo tu ya mpaka wetu, juu ya Somalia. Sisi tulirusha Taifa-1 2023. Ilikuwa fiti, lakini kalikuwa kadogo ka kupiga picha za ardhi, ka kupita chini bila kukaa mahali pamoja.

Sisemi serikali ikanunue kubwa kesho. Moja inakula mamilioni ya dola kwa mamia, na sote tunajua hali ya mifuko. Ninachosema ni hiki: mbio mpya imeanza. Starlink iliingia Kenya 2023 ikiwa na maelfu ya setilaiti zinazopita chini, na hizo hazijali ikweta. Barabara nyingine, sheria ile ile: wahi ama uachwe.

1976 tulikosea hesabu ya sheria, lakini angalau tulikuwa kwa meza tukibishana nani anamiliki nini. Leo tunabishana kifurushi ni ngapi kwa mwezi. Communications Authority ndio hutusemea kule ITU. Siku moja tuwaulize: huko juu mnatuombea nini?