Croydon 1937: Bomba peke yake halilindi maji

Manispaa ya Croydon, kusini mwa London, haikuwa mji wa kudharauliwa kwa mambo ya afya. Ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini Uingereza kuunda bodi yake ya afya, mwaka 1849. Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa na mganga mkuu, mhandisi, mabwana afya, visima virefu na mtambo wa kuchuja maji na kuyatia klorini. Mkazi wake alifungua bomba jikoni na kunywa bila kuchemsha, na hakuwa na sababu ya kusita.

Mwishoni mwa Oktoba 1937 watu wakaanza kuugua homa ya matumbo. Hadi mlipuko ulipokwisha, wagonjwa walikuwa zaidi ya 300, na 43 kati yao walifariki dunia. Vijidudu vilivyowaua vilikuja na maji ya bomba la manispaa.

Uchunguzi uliofanywa hadharani ulibaini kwamba mambo matatu yalikutana. Mafundi walikuwa ndani ya kisima cha Addington wakikifanyia matengenezo, huku maji yake yakiendelea kusukumwa kwenda majumbani. Katika kipindi hicho hicho maji hayo hayakuchujwa wala kutiwa klorini. Na mmoja wa mafundi alikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo mwilini mwake bila mwenyewe kuumwa.

Kila jambo likisimama peke yake, madhara yangeweza kuzuiwa. Kisima kinahitaji matengenezo, mtambo una siku zake za kusimama, na mtu mwenye vijidudu hupimwa akapewa kazi nyingine. Yalipokutana yote matatu, hakuna ofisi iliyoyaona kwa pamoja. Uchunguzi ulitaja wazi kasoro hiyo: wakuu wa idara hawakupashana habari ipasavyo, na idara iliyoshika visima haikwenda sambamba na idara iliyobeba dhamana ya afya ya watu. Mwaka 1938 mkazi mmoja ambaye binti yake aliambukizwa aliishitaki manispaa, na mahakama ikaona kwamba ilizembea.

Wapo wanaosema afya ya miji ya Uingereza ililetwa na utajiri, na kwamba nchi maskini zisubiri kwanza zitajirike. Hoja hiyo ina ukweli, kwa kuwa mabomba na mitambo ni fedha. Lakini Croydon ilikuwa tayari na mtambo, na klorini si dawa ya bei ya kutisha. Kilichokosekana ni taarifa iliyopaswa kutoka ofisi moja kwenda ofisi nyingine ya manispaa hiyo hiyo. Taarifa hiyo isingemgharimu mlipa kodi hata senti.

Tena utajiri wenyewe usitiwe chumvi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliendelea kupata chakula kwa mgao hadi mwaka 1954. Sensa ya 1951 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya kaya za England na Wales hazina bafu la kudumu. Katika hali hiyo, manispaa zilijenga afya kwa kazi ndogondogo za kila siku ambazo hazikatiwi utepe. Bwana afya alikagua choo, jiko la hoteli, machinjio na nyumba iliyobanana watu. Daktari aliyeona ugonjwa wa kuambukiza alilazimika kisheria kumjulisha mganga mkuu wa manispaa.

Mganga mkuu huyo naye aliandika ripoti kila mwaka na kuiweka mbele ya madiwani. Humo aliorodhesha waliozaliwa na waliokufa, magonjwa, vipimo vya maji, nyumba zisizofaa kukaliwa na nyama iliyotupwa. Sheria ilimlinda, kwa kuwa madiwani hawakuweza kumfukuza bila idhini ya waziri. Ulinzi huo ulikuwa na sababu. Mara nyingi mwenye nyumba mbovu alikuwa rafiki wa diwani, na wakati mwingine alikuwa diwani mwenyewe.

Mfumo huo wa kuhesabu na kujulishana ulibeba hata chanjo. Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 61,000 wa dondakoo, na 3,283 walikufa. Kampeni ya chanjo ikaanza. Mwaka 1957 wagonjwa walikuwa 38 na waliokufa ni 6. Chanjo ilitoka maabara, lakini ilimfikia mtoto kwa sababu kliniki na shule za mji zilijua mtoto huyo yupo na anaishi wapi.

Hata hivyo kulikuwa na mambo ambayo manispaa moja haikuyaweza. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliochanganyika na ukungu uliifunika London kwa siku 5, na makadirio ya awali yalikuwa vifo 4,000. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikazipa halmashauri mamlaka ya kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa kutoa moshi. Lakini moshi hausomi mpaka wa kata. Halmashauri iliyotangaza katazo huku jirani yake amelala iliendelea kuvuta moshi wa jirani.

Mwaka 1964 somo hilo lilirudi kwa njia nyingine katika mji wa Aberdeen, Scotland. Homa ya matumbo iliwalaza hospitali watu zaidi ya 400. Safari hii maji ya mji hayakuwa na kosa. Uchunguzi ulielekea kwenye nyama ya kopo kutoka Argentina, na maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba makopo yalipozwa kiwandani kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa. Uchafu wa mto wa Amerika Kusini ulitua kwenye sahani ya familia ya Scotland. Biashara ilikuwa imevuka bahari, lakini ukaguzi haukuvuka nayo.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia, na haiingii kama mgeni. Sheria ya afya ya jamii ya Kenya ya mwaka 1921 na ile ya Uganda ya mwaka 1935 zilitungwa chini ya utawala wa Uingereza na kufuata mfano wake. Tanzania ilitunga sheria yake mpya mwaka 2009, lakini jina la bwana afya bado linajulikana kijijini na mjini. Kanda hii ilirithi cheo, fomu na faini. Swali ni kama ilirithi pia wajibu wa kujulishana na wa kuwaambia wananchi matokeo.

Swali hilo lina uzito kwa sababu mipaka inazidi kufunguka, na ni vema ifunguke. Samaki, maziwa, mahindi na abiria wanapita Busia, Namanga, Mutukula na Rusumo kila siku. Ziwa Victoria ni kisima kimoja chenye wenyewe watatu. Kipindupindu kikizuka upande mmoja, ofisa wa afya wa upande wa pili anapaswa kupata habari siku hiyo hiyo, kwa simu, kutoka kwa mwenzake anayemjua kwa jina. Asiisubiri barua ipande hadi makao makuu ya nchi moja na kushuka kutoka makao makuu ya nchi nyingine. Barua inaposafiri hivyo, maji yanaendelea kunywewa.

Wala wananchi wasiachwe nje. Kila manispaa ya kanda hii ingeweza kutoa mara moja kwa mwaka ripoti fupi ya afya ya mji kwa Kiswahili: maji yalipimwa mara ngapi, yalishindwa vipimo mara ngapi, vyoo vingapi vya shule vinafanya kazi, mtaro upi umeziba na tangu lini. Mfanyabiashara wa Kisumu angesoma habari za Mwanza, na mzazi wa Mwanza angesoma za Entebbe. Madiwani wangeona aibu, na aibu ya namna hiyo huziba mitaro.

Wataalamu wa Croydon walikuwepo, na mtambo ulikuwepo. Watu 43 walikufa kwa sababu waliojua hili na waliojua lile hawakuambiana. Jumuiya yenye mipaka iliyo wazi na ofisi za afya zilizojifungia kila moja upande wake inaweza kurudia kosa hilo, safari hii likigusa nchi kadhaa kwa mpigo.