Usiuze gunia la mwisho kabla ya Oktoba

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mnunuzi wa mazao hapa Kasansa, leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea tarehe ya kuuza.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa msimu huo mwishoni mwa Oktoba hivi. Lakini mahindi tunaanza kuyauza Juni, na ikifika Agosti kwa wengi stoo imebaki na panya tu. Maana yake tunaamua chakula cha mwaka mzima kabla hatujasikia lolote kuhusu mvua inayokuja. Utabiri ukisema chini ya wastani, mwenye mzigo anapandisha bei, na anayenunua Januari ni yuleyule aliyeuza Julai.

Ushauri wangu: tenga kwanza chakula cha nyumbani. Yanayobaki, uza sehemu mapema ulipe ada na madeni, na sehemu isitoke mpaka usikie utabiri. Ukisema mvua hafifu, shikilia. Ukisema mvua nzuri, uza kabla mahindi mabichi hayajaanza kushusha bei. Utabiri nao hukosea, ndiyo maana sisemi uhifadhi yote.

Mtaniambia, "Bwana shamba, deni halingoji Oktoba." Kweli. Hata mimi mwaka mmoja niliuza yote Julai, nikaja kununua unga kwa bei ya aibu. Basi anza na magunia mawili tu.

Kabla ya kuuza, piga simu kwa watu wawili, mmoja Mpanda mjini, mwingine Sumbawanga. Uliza bei ya kilo, si ya gunia, maana lumbesa inaficha mengi. Sheria hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Kisha toa nauli ya lori na ushuru, ndipo ujue kama bei ya hapa inakupunja.

Wewe mnunuzi, usione nakuharibia. Mzigo uliohifadhiwa hapahapa utauzwa hapahapa Januari bila kulipia lori mara mbili.

Ila mahindi mabichi hayahifadhiki. Tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Isipoganda, weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake. Dumuzi watakufa wenyewe bila dawa.