Shali za Gatwekera



Mama mmoja wa Mji wa Kale alitusimamisha baada ya darsa ya kina mama, akatuuliza jambo ambalo halimo katika vitabu tunavyosomesha. Bintiye ameitwa shule ya bweni upande wa Limuru, naye hajapata kuvaa sufu maishani mwake. Amfungie nini? Sisi watu wa pwani baridi yetu ni ya kusi. Tukijitanda leso ya pili imekwisha. Bara si hivyo. Mwezi wa Julai ukungu wa Limuru huingia hata chini ya blanketi. Kwa kuwa tulikuwa na safari ya Nairobi, tulimwomba atuachie sisi kazi hiyo ya kutafuta, na wazazi wengine watano wenye mabinti bara wakadakia. Hivyo tukajitwika amana ambayo ilikaribia kututia aibu.

Mwenyeji wetu alikuwa Makina, Kibera, mtaa wa kale wa Wanubi. Hawa ni kizazi cha askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, wakakaa hapo zaidi ya miaka mia moja. Jina lenyewe, Kibra, ni la lugha yao, na maana yake ni msitu, ijapokuwa leo mti ni wa kutafutwa kwa tochi. Mabibi wa Kinubi husuka tabaga, ambazo sisi tungeziita kawa: vifuniko vya chakula vyenye rangi za kuwaka, vilivyozungushiwa mistari ya kupanda na kushuka. Tulipomtajia mke wa mwenyeji wetu habari ya shali, alicheka. "Sheikh, tabaga utazipata hapa hapa. Shali za uzi teremka Gatwekera."

Tukateremka, tukaiandama reli kwa muda, tukaingia vichochoroni. Wakazi wengi wa Gatwekera asili yao ni Nyanza, na wafumaji tuliowakuta hawakuwa wa dini yetu. Walikuwa kina mama watatu, wamekaa kwenye vigoda nje ya mlango wa mabati, mikono inakwenda huku macho yao yakiwa kwa watoto. Sindano zao mbili zilikuwa za dukani. Nyingine zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa zikasuguliwa, na mwisho wake zimechomekwa kipande cha ndara kuukuu ili vitanzi visiporomoke. Viwanda vya uzi wa kufumia viko Nakuru na Eldoret, lakini uzi mpya ni ghali. Basi mmoja wao hununua sweta za mitumba soko la Toi, huzifumua, huuosha uzi na kuutundika na jiwe dogo ili unyooke, kisha huuzungusha vidonge. Sweta iliyotoboka kiwiko huzaliwa upya ikawa shali, wala hungejua.

Nakshi yao ni ile ya zigizaga. Wanaosuka ukili miongoni mwenu wataielewa upesi, kwa sababu siri yake ni hesabu. Vitanzi hugawanywa mafungu ya 12. Katika kila fungu, kitanzi cha kwanza hufumwa mara mbili, kikawa viwili. Vitatu vinavyofuata hufumwa vivi hivi. Kisha viwili hushikwa pamoja vikawa kimoja, na viwili tena vikawa kimoja. Halafu vitatu vivi hivi. Na cha mwisho hufumwa mara mbili. Waliozidi wawili wamefidia waliopungua wawili, na idadi ni 12 ile ile. Safu ya kurudi hufumwa kinyume bila ya kuongeza wala kupunguza. Penye nyongeza uzi hupanda kilima, penye punguzo hushuka bonde, na kila safu chache rangi hubadilishwa: manjano, samawati, damu ya mzee, kijani. Ukikosa kitanzi kimoja, kilima huhama, na safu kumi baadaye nguo nzima imepinda. Kwa hiyo mkuu wao hutia pete ndogo ya uzi mwekundu kwenye sindano baina ya fungu na fungu, awe anahesabu hadi 12 tu, si hadi mia. Walio na sindano, jaribuni kwa vitanzi 36 mpate skafu ya mtoto.

Tuliwatazama tukakumbuka kisa kilichomo katika Sahih ya Imamu Bukhari, cha mwanamke aliyemletea Mtume (s.a.w.) burda yenye pindo zake, akasema ameifuma kwa mkono wake ili amvishe. Mtume aliipokea hali anaihitaji. Bibi yule jina lake hatukupewa. Tumepewa habari ya mkono wake.

Shali yao hufungwa kwa pini, na pini zenyewe huchongwa na mafundi wa Kibera kwa mifupa ya ng'ombe. Sisi Mashafii hatukuweza kupita bila kuuliza, maana mfupa wa nyamafu kwetu ni najisi. Tukaambiwa mifupa yatoka machinjioni, na machinjio mengi ya nchi hii wachinjaji wake ni Waislamu. Tukanunua.

Sasa tufike penye aibu. Tuliagiza shali sita za vitanzi 96 upana, tukakubaliana shilingi 1,200 kila moja, tukaondoka bila kuacha arubuni. Tuliporudi baada ya majuma matatu, zilikuwa tayari, zimekunjwa ndani ya leso safi. Nasi mfukoni nauli ilikuwa imekwisha kula sehemu ya pesa za watu. Mwenzetu mmoja akatunong'oneza: mpige bei, mzigo umeshakuwa tayari, atamuuzia nani? Wallahi tulimsikiliza. Tukataja 900.

Yule mama hakupandisha sauti. Alisema, "Sheikh, tuliongea elfu moja na mia mbili. Uzi nilikopa nikijua hivyo." Kisha akatandaza shali moja magotini akatuambia tuhesabu safu. Tulihesabu kwa kidole kama mwanafunzi wa juzuu Amma. Tulipofika 100 hatukuwa tumefika nusu. Zilikuwa 350. Zidisheni wenyewe: 96 mara 350 ni vitanzi 33,600, hivyo kwa bei tuliyoagana ni vitanzi 28 kwa shilingi moja, na hapo hatujatoa gharama ya uzi.

Ndipo ilipotujia aya ya 92 ya Suratun Nahl, ambayo tumeisomesha miaka mingi tukidhani twaifahamu. Mwenyezi Mungu anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyeukatakata uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Na aya iliyotangulia yazungumzia nini? Ahadi. Mama wa Gatwekera anafumua sweta kuukuu ili afume jipya, na hana lawama. Mwenye kufumua alikuwa sisi, tuliosimama mbele yake na kanzu zetu nyeupe.

Mwenzetu akajitetea njiani kwamba yule si wa dini yetu. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, nayo haina miguu. Mtume (s.a.w.) alifariki na deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi kwa ajili ya shayiri aliyowanunulia watu wa nyumba yake. Hakusema yule si wa dini yangu, basi deni limeanguka.

Tulimpa 7,200 zake zote. Upungufu tulikopa kwa mwenyeji wetu, akatutumia kwa simu tukiwa tumesimama pale pale.

Na kwetu pwani je? Kofia ya kazi ya mkono hukaa miezi mapajani mwa mama, tundu kwa tundu, sindano kwa sindano. Akiileta sokoni karibu na Idi, mnunuzi huigeuza, huguna, humtajia nusu, kwa kuwa anajua nyumbani kwake unga umekwisha. Wako na waume ambao huipokea pesa hiyo kabla haijafika mkononi mwa aliyeshona, ilhali Suratun Nisaai, aya ya 32, imewapa wanawake fungu la walichokichuma kama ilivyowapa wanaume lao. Tutalirudia jambo hili siku nyingine; leo limetuchoma sisi wenyewe kwanza.

Dada mmoja ameuliza kama shali ya rangi nyingi yafaa kusalia. Yafaa, ikisitiri. Lakini Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisali na nguo yenye nakshi, jicho likamwendea, akairudisha kwa Abu Jahm na kumwomba ile isiyo na nakshi. Basi ya zigizaga iwe ya baridi, na mtandio wa sala uwe mnyamavu. Ioshwe kwa maji ya vuguvugu, isikamuliwe kwa kusokotwa, ianikwe ikiwa imelazwa juu ya taulo. Ukiitundika itavutika hadi imfae twiga.

Binti wa Limuru amempigia mamake. Shali imefika, na wenzake wanne wa bweni wanataka mfano wake. Safari hii bei ataitaja mfumaji mwenyewe, na nusu yake itatangulia kabla hajanunua uzi. Wenye mabinti bara wanaotaka kuongeza majina watuletee rangi wazipendazo pamoja na nusu hiyo kabla ya sala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.