Mtoto Yupo Darasani, Mashine Yasema Hayupo

Uniwie radhi iwapo leo nitaanza na jambo dogo, dogo kama herufi moja. Katika cheti cha kuzaliwa cha msichana mmoja niliyemfundisha hapa Kwanza, karani wa afisi fulani aliandika jina la ukoo kwa 'r' mahali pa 'l'. Kwa sikio la mtu wa huku tofauti hiyo si kitu; nusu ya kijiji hulitamka jina hilo hivi na nusu vile, na mwenye jina huitika kotekote. Kwa tarakilishi, hata hivyo, hao ni watoto wawili wasiojuana. Mmoja ana cheti lakini hasomi popote, na mwingine anasoma lakini hakuzaliwa.

Msichana huyo analelewa na nyanya yake. Kukhu, kama Wabukusu wamwitavyo nyanya, alikwenda Kitale mara tatu kuifuata herufi hiyo. Mara ya kwanza aliambiwa mtandao umelala. Mara ya pili aliambiwa alete kitambulisho cha baba mtu, ambaye hakuna ajuaye aliko. Mara ya tatu aliambiwa kwamba maombi hayapokelewi tena kwa mkono, akaelekezwa kwenye duka la tarakilishi, lile ambalo kila mtu huliita saiba. Kijana wa saiba, mwungwana kabisa, alimfungulia barua pepe na akaunti, akabuni nywila na kuihifadhi kichwani mwake. Mwezi uliofuata kijana akapata kazi Nairobi. Akaunti ya kukhu ikahama naye.

"Mwalimu," kukhu aliniuliza, "huyo mtu aliye ndani ya mashine, siwezi kumwona nikamsalimu?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha miaka mingi na nimejibu maswali mengi, lakini hilo lilinishinda, kwa kuwa limebeba malalamiko yetu sote tunaofanya kazi shuleni. Zamani afisa akikunyima haki yako ulimjua kwa uso. Ungeweza kumbembeleza, kumshtaki kwa mkubwa wake, au hata kumngoja nje ya mlango hadi aone haya. Leo kila afisa anakuonyesha kioo cha tarakilishi na kukwambia, "Si mimi, ni mfumo." Na mfumo hauoni haya.

Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilianza kutumia mfumo wa kusajili wanafunzi uitwao NEMIS. Kila mtoto alipaswa kupewa nambari yake ya pekee, UPI, na ili kuipata ilihitajika nambari ya cheti cha kuzaliwa. Fedha za serikali nazo zikafungwa kwenye usajili huo. Viwango vyenyewe walimu wanavijua: Sh1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, Sh15,042 kwa wa sekondari ya msingi, na Sh22,244 kwa wa shule ya upili. Basi chukua shule ya msingi yenye watoto 40 wasio na vyeti. Hizo ni Sh56,800 zisizofika kwa mwaka mmoja. Watoto wenyewe hawakupungua; wapo wote 40, wanakalia madawati na kutumia chaki. Mwalimu mkuu hugawa kidogo cha waliohesabiwa kwa wote waliopo, kisha mwishoni mwa muhula huulizwa kwa nini hesabu zake hazilingani.

Mtu wa mjini ataniuliza: kwani mzazi ashindwe vipi kutafuta cheti? Na aje kwetu. Huku wapo watoto waliozaliwa nyumbani kwa mkunga wa kijiji, na wapo waliozaliwa ng'ambo ya mpaka, Uganda, mama akiwa kwao. Wapo pia wazazi waliokimbia mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, na wengine ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hakukumbuka kabati la karatasi. Baadhi ya watoto hao leo ni watu wazima wenye watoto wao, na upungufu wa karatasi umerithiwa kama shamba.

Hata hivyo, nisijifanye malaika. Mfumo huu haukutoka hewani. Ulikuja kwa sababu sisi walimu, ama tuseme baadhi yetu, tuliandika majina ya watoto wasiokuwapo ili tupate fedha za ziada. Wanafunzi hewa tuliwazaa wenyewe, kwa kalamu zetu, na mashine ikaletwa kutukomesha. Laiti ingetukomesha, ningeipigia makofi.

Mambo yalikwendaje? Mwaka 2025, baada ya miaka minane ya NEMIS, Wizara iliagiza wanafunzi wahesabiwe upya shuleni kabla ya fedha kutolewa, maana haikuziamini takwimu zake yenyewe. Mwaka huohuo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti kwamba fedha zilikuwa zimetumwa kwa shule ambazo hazipo kabisa. Shule nzima, msomaji! Shule isiyo na paa wala kengele ilipita ndani ya mashine, na msichana wangu mwenye miguu yake miwili akazuiwa na herufi. Ukilifikiria jambo hili utaona si ajabu. Anayebuni mwanafunzi hewa hubuni pia karatasi zake, naye huziandika vizuri, bila kukosea hata nukta. Asiyekuwa na karatasi ni yule wa kweli, ambaye maisha yake yamevurugika kama yavurugikavyo maisha ya watu.

Mwalimu naye amekuwa mtumwa wa saiba. Tangu 2016 Tume ya Kuwaajiri Walimu imetuhitaji tujipime katika mfumo wa TPAD, na ushahidi wa kazi yetu kupakiwa mtandaoni. Baraza la Mitihani huweka kazi za tathmini katika tovuti yake, shule inazipakua na kuzichapisha kwa gharama yake, kisha alama zinarudishwa kwa njia hiyohiyo. Yote hayo yana faida yake, sikatai. Lakini shule isiyo na umeme wa kutegemewa hufanyia wapi kazi hiyo? Mwalimu hupanda bodaboda kwenda mjini, akapanga foleni pamoja na wanafunzi wake wa zamani, akalipa kutoka mfukoni mwake, na darasa lake siku hiyo linafundishwa na kiranja. Agizo lenyewe hufika saa tatu za usiku katika kundi la WhatsApp, likiwa na neno "haraka" na ukomo wa kesho adhuhuri.

Januari 2024 ilikuja amri kwamba karo ya shule za upili za umma, kuanzia zile za kitaifa, ilipwe kupitia eCitizen. Mahakama Kuu iliisitisha, na Aprili 2025 ikatamka kwamba ilikiuka Katiba. Mimi nilifurahi kwa sababu isiyo ya kisheria. Hapa Trans Nzoia mzazi hulipa karo kwa gunia la mahindi. Mwalimu mkuu hulipima, hulipeleka stoo ya jikoni na kuandika risiti, na mtoto hubaki darasani. Sijaona bado tovuti yenye mahali pa kuweka gunia.

Sasa tunaambiwa kwamba NEMIS inaipisha KEMIS, mfumo mpya. Kabla ya kubadilisha herufi ya kwanza, ningeiomba Wizara ibadilishe jambo moja: ukosefu wa karatasi usiwe adhabu ya mtoto. Mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu na chifu watie sahihi kwamba mtoto huyu yupo, na fedha zake zianze kuja huku cheti kikitafutwa. Wakigunduliwa wamedanganya, washtakiwe wao watatu, kwa majina. Msajili wa vizazi naye aje shuleni mara moja kila muhula, akae chini ya mti na kitabu chake, awapokee kina kukhu na kuwasikiliza. Nauli ya afisa mmoja ni ndogo kuliko nauli za wazee 60. Tena gharama za saiba ziingizwe katika bajeti ya shule, ziache kukatwa kimyakimya kwenye mshahara wa mwalimu.

Wapo watakaosema nawafungulia tena wezi mlango. Huenda. Ila mlango uliofungwa hivi sasa haukuwazuia wezi hao.

Msichana wangu bado anakuja shuleni. Jina lake nimeliandika kwa kalamu katika daftari la mahudhurio, kwa 'l', kama anavyolitamka mwenyewe, na kila asubuhi naliita naye huitika. Jumatatu kukhu na mimi tutakwenda Kitale kwa mara ya nne, safari hii tukiwa na barua ya chifu. Nywila nitaibuni mimi, na nitaiandika nyuma ya daftari hilo.